Bastola Iliyokuwa Nzito

Kwa miaka kumi na mitatu kazi yangu ilikuwa kutengeneza bunduki zisizoua. Nilimimina mpira mweusi ndani ya kalibu, nikautoa ukiwa bado vuguvugu, nikaupiga msasa, nikaupaka rangi ya chuma, kisha nikaichubua rangi hiyo kidogo kwenye kingo ili silaha ionekane imepita mikononi mwa watu wengi. Ukiiona kwenye sinema unaamini. Ukiishika, inapinda kama soli ya ndala.

Karakana ilikuwa kusini mwa Stockholm, vituo vichache kutoka Bredäng ninakoishi, kwenye mtaa wa maghala na gereji. Niliingia humo kwa mara ya kwanza nikiwa na ndoo na ufagio. Nyumbani Eldoret nilikuwa nikimfanyia kazi daktari wa meno. Nilimtengenezea plasta za vinywa vya watu, taya za juu na za chini, mamia kwa mamia. Nilipomfuata mume wangu Sweden, aliyekuja kusoma, ujuzi huo haukuwa na mtu wa kuutaka, nikawa nasafisha maofisi. Ijumaa moja nilimkuta mwenye karakana akiilaani kalibu yake kwa sababu kila alichomimina kilitoka na vitundu.

"Gonga," nilimwambia kwa Kiswidi changu kibovu. "Gonga meza. Hewa itatoka."

Alinitazama kana kwamba ndoo ndiyo iliyosema. Halafu akagonga meza, povu likapanda juu likapasuka, na alipokitoa kitu chake kilikuwa laini kama shavu. Wiki iliyofuata alinipa aproni.

Nilimwita Mzee. Nilimweleza kwamba kwetu hilo ni neno la heshima, si la kumzeesha mtu, naye akalipenda hata akawa anajitambulisha nalo kwa wageni. Alikuwa Mswidi mrefu, mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo ya baruti. Sisi wengine tulishughulika na mpira na plastiki. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kibali cha polisi cha kushika bunduki za kweli zinazotumika kwenye filamu, zile zilizorekebishwa zipige risasi baridi, yaani baruti tupu bila kichwa. Hizo zilikaa ndani ya kabati la chuma nyuma ya karakana, na namba ya kulifungulia aliijua mwenyewe tu. Sikuwahi kumwuliza. Sikuwa na haja nayo.

Mume wangu alirudi Kenya kumwuguza mama yake, na mama alipopona, yeye hakurudi. Binti yetu alikuwa na miaka tisa. Baada ya shule alikuja karakana, akakaa juu ya kreti akichora, na Mzee akipata nafasi alimfundisha mambo ambayo mimi sikuyajua: kuteleza juu ya barafu ziwani, kuwasha moto kwa kuni mbichi, kupiga mluzi kwa vidole viwili. Baba yangu alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Basi haikunishangaza siku alipoanza kumwita Mzee *morfar*, babu mzaa mama. Mzee aligeuka akajifanya anatafuta bisibisi. Nilimwona akifuta macho kwa mkono wa shati.

Ninayaeleza haya ili ieleweke kwamba sikuwa mjinga. Mtu hatiwi jina la babu bure.

Binti yangu alikua akizungumza nami kama watoto wengi wa hapa: mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiswidi. Katuni za Kijapani alizotazama utotoni zilimpeleka chuo kikuu kusoma lugha hiyo, kisha akaishi mwaka mzima Japani. Aliporudi akiwa na miaka ishirini na miwili, kampuni moja ya filamu ya Kijapani ilikuwa inakuja Stockholm kupiga sehemu ya sinema ya mapigano, kisa cha mwanamke aliyetoroka genge la wauaji akajificha mjini humu kama fundi cherehani. Mzee ndiye aliyepewa kazi ya silaha. Na ni Mzee huyo huyo aliyemwambia mtayarishaji, mwanamke wa Kiswidi mwenye sauti ya chini, kwamba mkalimani wanayemtaka anamjua. Siku binti yangu alipopata barua ya kazi tulikula keki karakana, sote watatu, tukiwa tumesimama.

Wajapani walikuja mwezi wa pili, theluji ikiwa imeshika. Msimamizi wa vifaa vyao alikuwa mwanamume wa rika langu, mwembamba, aliyevaa vikinga-magoti mchana kutwa kama mtu aliyejiandaa kupiga magoti wakati wowote. Alileta masanduku sita. Aliyafungua mbele yetu, na binti yangu akatafsiri.

"Anasema kwao bunduki za kweli haziingii kabisa kwenye filamu. Hizi ni mifano ya plastiki ngumu. Ndani ya mtutu kuna kipande cha chuma kilichozibwa tangu kiwandani, hakitoki mpaka uvunje. Cheche inawashwa na betri na waya unaopita ndani ya mkono wa koti."

Kisha akasema jambo la mwisho polepole, na binti yangu akalitafsiri polepole vilevile. "Anasema mkataba unakataza kitu chochote ambacho kiliwahi kuwa silaha ya kweli. Hata ikiwa tupu. Anaomba mkubali kwa mdomo pia, siyo kwa karatasi tu."

"Nimekubali," alisema Mzee.

"Nimekubali," nilisema nami.

Tulipobaki wawili Mzee aliokota moja ya zile bastola, akaipima mkononi, akaguna. "Vitu vya kuchezea watoto," alisema. Nilicheka. Lazima niseme ukweli wote: nilicheka.

Tuliweka utaratibu. Kila silaha kabla ya kwenda kwa mwigizaji inafunguliwa na Mzee au mimi, inamulikwa kwa tochi kwenye mtutu, karatasi inatiwa sahihi na sisi wote wawili, halafu yule Mjapani anarudia upya. Alikuwa na namna yake. Alinyoosha kidole kwenye sehemu anayoikagua na kutamka kwa sauti alichokiona, sehemu baada ya sehemu, kana kwamba anamsomea kipofu. Mwishoni alisema "Kakunin," nimehakikisha. Siku za kwanza niliona aibu kwa niaba yake. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nikinyoosha kidole pamoja naye na kusema "Kakunin" kwa lafudhi ya Kikalenjin, naye anacheka kimya, mabega tu yakitikisika. Hatukuwa na lugha ya pamoja, ila nilimwona ni mtu ninayemfahamu. Yeye pia alikuwa amezeeka akishughulika na vitu vya uongo vinavyopaswa kuonekana kweli.

Lakini baridi haikumtendea haki. Betri zake zilikufa haraka, na cheche zilitoka hafifu, kama kiberiti kilicholowa. Mwongozaji alitazama kwenye skrini yake akavuta pumzi. Hakulalamika; ni watu wasiolalamika ovyo. Ila Mzee alizisikia zile pumzi moja moja, na kila jioni tukipanga vifaa alisema, "Ningewaonyesha moto, hao. Moto wenyewe."

"Lakini tulikubali," nilimkumbusha siku moja.

"Najua tulichokubali."

Siku yenyewe ilikuwa moja kabla ya ile ya mwisho ya upigaji. Tulikuwa kwenye banda kuukuu la kutengenezea mashua karibu na Fisksätra, lililoachwa, madirisha yake marefu yakitazama maji yaliyoganda. Asubuhi bastola ya mwigizaji mkuu, aliyeigiza yule mwanamke aliyetoroka genge, ilimponyoka kwa ganzi ya vidole ikapiga sakafu ya saruji. Plastiki iliyopoa vile haivumilii. Sehemu ya juu ilipasuka. Bastola ya akiba ilikuwa imekufa nyaya tangu jana yake. Msimamizi Mjapani alipiga magoti akiviangalia vipande, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui la kufanya.

"Nipeni saa moja," alisema Mzee. "Gundi na vipuri ninavyo kwenye gari."

Alivichukua vipande akaenda. Kila mtu alipata kahawa. Baada ya muda alirudi na kitu kimefungwa ndani ya kitambaa, akanivuta pembeni penye meza yetu.

"Nimebadilisha sehemu ya juu," alisema. "Na betri mpya. Weka sahihi, wanasubiri."

"Tuifungue kwanza?"

"Nimetoka kuifungua sasa hivi kwa mikono yangu." Alitabasamu, lile tabasamu la siku zote. "Au huniamini?"

Kuna maswali ambayo hayaulizwi ili yajibiwe. Nilichukua kalamu nikaandika jina langu. Yeye alionyesha vidole vyake akasema vina gundi, atatia sahihi yake akishanawa. Sikuiona gundi yoyote. Sikuitafuta.

Nilipoibeba kuelekea kwa waigizaji, yule Mjapani alikuja mbio na tochi yake, akanyoosha mkono. Wakati huohuo mwongozaji alikuwa anapaza sauti: jua la Februari linakimbia, mwanga uliobaki kwenye madirisha ni mchache, wabadilishe mpangilio, waanze na kipande cha pili. Kipande cha kwanza kilikuwa mwanamke kufyatua kuelekea dirisha tupu, hakuna mtu. Cha pili kilikuwa yeye kumkaba adui kwa nyuma, kumwekea bastola chini ya taya na kufyatua. Hapo hapakuhitajika hata cheche, moto ungewekwa baadaye kwa kompyuta. Adui alikuwa mwanamume wa kuigiza michezo ya hatari, kijana wa watu mwenye mke na mtoto mchanga, ambaye alikuwa ametuonyesha picha zao sote.

Mzee hakuyasikia mabadiliko hayo. Alikuwa amerudi kwenye gari. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikwenda kuleta vizibo vya masikio.

Mjapani bado alikuwa amenyoosha mkono. Watu wote walikuwa wanatungoja. Nami nikasema, "Kakunin."

Alinitazama. Akainamisha kichwa, akaurudisha mkono wake mfukoni na tochi yake.

Nilimkabidhi mwigizaji bastola. Aliishika, akaishusha kidogo, akaipandisha, akasema neno moja na kucheka. Binti yangu, aliyesimama karibu na mwongozaji, alicheka naye.

"Anasema leo ni nzito," aliniambia kwa Kiswidi. "Labda amechoka."

Sijui kueleza mtu anavyojua jambo. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimeshika vitu vyepesi vilivyojifanya vizito. Nilikumbuka kwamba hata mimi mkono wangu ulikuwa umeshuka nilipoichukua kutoka kwenye kitambaa, na nilikuwa nimelipuuza. Gundi haiongezi uzito namna hiyo. Betri haiongezi. Mwigizaji alikuwa tayari ameshamkaba mwenzake, mtutu umegusa ngozi, na mtu wa kamera ameinua mkono.

Nilipiga kelele. Kwa Kijapani nilijua neno moja tu la kufaa, nililolisikia wakiambiana, "Matte!", ngoja, na nililipiga kwa nguvu zangu zote huku nakimbia. Niliteleza, nikaanguka kwa goti, nikainuka. Nikamshika mwigizaji mkono kwa vidole vyangu vyote kumi, nikauelekeza chini, nikaichukua. Nikaivuta sehemu yake ya juu nyuma. Risasi baridi iliruka ikaanguka sakafuni ikabingirika, shaba tupu inayong'aa, na ndani ya bastola nyingine zilikuwa zimejipanga.

Baruti tupu ukimlipulia mtu chini ya taya, haihitaji kichwa cha risasi ili imuue.

Yule kijana aliketi sakafuni. Msimamizi Mjapani alikuja, akapiga magoti, akaiokota ile risasi kwa leso, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Ningependa kusema macho yake yalikuwa na hasira. Hayakuwa na hasira.

Polisi waliitwa, kwa sababu ndiyo sheria. Kabla hawajafika, mtayarishaji alituweka kwenye chumba cha zamani cha msimamizi wa banda, mlimokuwa na hita moja ya umeme: yeye, mwongozaji, msimamizi Mjapani, Mzee, mimi, na binti yangu katikati kutafsiri. Alikuwa amevaa skafu niliyomfumia. Alisimama wima, mikono mbele, kama walivyomfundisha.

Mtayarishaji alimwuliza Mzee silaha ya kweli imefikaje pale.

Nilimtazama nikingoja. Sikuwa na wasiwasi wowote kuhusu jibu lake. Nilidhani atasema alitaka kuwaonyesha moto, kwamba alipanga kuibadilisha baada ya kipande cha kwanza, kwamba alikosea na anaomba radhi. Nilikuwa tayari kumtetea. Nilikuwa nimeshapanga maneno.

"Nilikuwa nayo ndani ya gari, kwenye sanduku lililofungwa, kwa ajili ya kazi nyingine," alisema Mzee. "Ile ya plastiki niliyoitengeneza niliiweka mezani. Yeye amelifungua sanduku, akachukua isiyo yake. Amekuwa mchovu wiki hizi. Nilipaswa kuliona mapema, hilo ndilo kosa langu."

Alisema kwa upole. Alisema kama mtu anayemwombea mwenzake huruma.

Na binti yangu akatafsiri. Nilimsikia akiichukua sentensi moja baada ya nyingine, akiigeuza Kijapani kwa sauti ileile isiyo na mawimbi. Sikujua maneno, lakini nilijua pale alipofika kwangu, kwa sababu mwongozaji aligeuza macho. Mtoto niliyembeba, akisema kwa kinywa chake kwamba mama yake karibu aue mtu kwa usingizi. Hakukohoa. Hakusita.

"Amenipa mkononi," nilisema. "Ikiwa kwenye kitambaa. Ameniambia ameitengeneza."

Hilo pia alilitafsiri, kwa sauti ileile.

Mtayarishaji aliweka karatasi mezani. Sahihi yangu ilikuwapo. Nafasi ya Mzee ilikuwa tupu. "Mimi sikuitia sahihi," alisema Mzee, "kwa sababu sikuwahi kuiona."

Ndipo msimamizi Mjapani alipozungumza. Aliuliza swali fupi, akinielekea mimi. Binti yangu alimsikiliza, akanigeukia. Na akasema nami kwa Kiswahili. Miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kuniambia sentensi nzima kwa Kiswahili. Nilikuwa nimeshazoea kwamba lugha hiyo aliipokea tu, hakuitoa.

"Mama," alisema, "anauliza, ulipomwambia umeihakikisha, ulikuwa umeihakikisha kweli?"

Hita ilikuwa inavuma. Mzee alikuwa anatazama vidole vyake visivyo na gundi.

"Hapana," nilisema. "Sikuihakikisha. Nilidanganya. Mwambie hivyo."

Alinitazama sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akamgeukia Mjapani akamwambia. Yule mtu aliinamisha kichwa chini sana, akakiacha huko.

Nilirudi nyumbani peke yangu kwa treni ndogo ya Fisksätra, halafu kwa treni ya chini ya ardhi hadi Bredäng. Binti yangu alibaki kuwatafsiria polisi. Alifika jioni, akavua viatu mlangoni, akasimama sebuleni na koti lake. Nilikuwa nimeshayapanga maneno mengine.

"Ungeweza kukohoa," nilimwambia. "Ungeweza kusema hukusikia vizuri. Ungeweza kusita hata kidogo, wajue kuna kitu."

"Ningesita wangesema nakutetea," alijibu kwa Kiswidi. "Baada ya hapo hakuna neno langu wangeliamini. Wala lako."

"Umeusema uongo wake kama habari za hali ya hewa."

"Ndiyo kazi, mama. Mkalimani hana lake."

"Mimi ni mama yako."

Alivua koti, akalishika mkononi kama hajui pa kulitundika kwenye nyumba aliyokulia. "Nilikuuliza kwa Kiswahili," alisema.

"Nilisikia."

"Mle ndani hakuna mwingine aliyejua Kiswahili." Sauti yake sasa ilikuwa inatetemeka. "Ungejibu chochote. Ungesema hata ugali. Ningemwambia umesema ndiyo."

Ilinichukua muda kumwelewa. Alikuwa amenifungulia mlango mbele ya watu wote bila yeyote kuona, na alikuwa tayari kuivunja kazi yake nzima, ile aliyoisomea, aliyoipenda, kwa neno moja. Nami nilikuwa nimekaa pale nikimwona msaliti. Sikujua nimkumbatie au nimkemee. Mwishowe nilimkemea, Mungu anisamehe, nikamwambia sikumlea awe mwongo, akaingia chumbani kwake akalia, nami nikalia jikoni.

Nilipaswa kumlilia Mzee, lakini yeye nilikuwa bado sijaanza kumlilia.

Polisi waliniita mara mbili. Walikuwa watu wa adabu. Waliniuliza kuhusu kabati la chuma, na nikasema ukweli, kwamba sijui namba yake na sijawahi kuijua. Walilichunguza na gari pia. Gari halikuwa na sanduku lolote la kufunga. Miezi ikapita, ikaja barua kwamba sina kesi ya kujibu. Barua haikusema ni nani mwenye kesi, lakini nilisikia baadaye kwamba Mzee alinyang'anywa kibali. Mtayarishaji hakunipigia simu. Alikuwa ameniondoa kazini siku ileile, na barua ya polisi haikumfanya abadili lolote. Watu wa filamu hapa ni wachache na wanajuana, na ninaelewa kwamba jina likishasemwa chumbani vile halirudishwi mfukoni.

Nilikwenda karakana mara moja tu, kuchukua vifaa vyangu. Ilikuwa mchana, mwezi wa tano, miti ya mtaa ule imeanza kutoa majani. Nilidhani hatakuwepo. Alikuwepo, amekaa juu ya kreti, kabati la chuma likiwa wazi na tupu nyuma yake.

Nilikusanya brashi zangu na visu vyangu. Yeye alinitazama. Nilipomaliza nilimwuliza swali moja tu.

"Kwa nini?"

Nilimwona akifikiria kama anidanganye. Labda alichoka.

"Miaka arobaini nimekuwa na kile kibali," alisema. "Bila hicho mimi si kitu. Wewe bado una nguvu, ungepata kazi nyingine. Nilipiga hesabu haraka. Ilikuwa haraka sana."

"Na mtoto? Ulijua ni yeye atakayelisema."

"Nilijua."

"Ukasema."

Alitikisa kichwa polepole. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo silijui lilitoka wapi ndani yake, kama ni kiburi au ni majuto. "Alifanya vizuri sana," alisema. "Hakujikwaa hata mara moja. Nilijivunia."

Niliweka brashi mezani kwa sababu mikono yangu ilikuwa inataka kufanya jambo. Nilitaka kumtukana kwa Kikalenjin, kwa Kiswahili, kwa lugha zote nilizonazo. Nikamwambia tu asimwandikie tena mwanangu, na asijiite kwa lile neno nililompa. Akasema sawa. Nikachukua vitu vyangu nikatoka.

Sasa hivi ninafanya kazi jikoni kwenye shule moja karibu na kwetu. Ni kazi nzuri. Watoto wanataka viazi, unawapa viazi, na hakuna anayeuliza kama ni vya kweli. Filamu ilitoka. Mimi sikuitazama. Binti yangu aliitazama na rafiki zake, akaniambia kile kipande cha bandani wamekiacha, kilipigwa upya kwao kwenye studio, na kwamba yule kijana wa michezo ya hatari yuko hai na anaonekana akianguka kutoka kila mahali.

Msimamizi Mjapani hakuniandikia wala sikumwandikia. Nilitaka. Niliwahi hata kumwomba binti yangu anisaidie barua, tukakaa mezani, akashika kalamu, akaniuliza niseme nini. Nikasema mwambie pole. Akaniuliza pole ya namna gani, kwa sababu kwao ziko nyingi: ya aliyechelewa, ya aliyemwaga chai, ya aliyesaliti. Nikazipima moja moja kichwani. Naye akaniachia muda, bila kunichagulia.

Siku hizi tunazungumza Kiswahili zaidi nyumbani. Hatukupatana tufanye hivyo. Anakosea ngeli, namsahihisha, anakasirika, tunaendelea. Kuhusu Mzee hatusemi mengi. Nikimtaja, yeye husema "yule mwanamume," na kila akisema hivyo naumia upya. Nimepoteza rafiki, na nina hasira yangu ya kunisaidia. Yeye aliondokewa na babu, tena katikati ya sentensi, na ilimbidi aimalize.